Bunduki ya Orrin na Orodha ya Ndugu

Benchi letu lilikuwa kiti cha kanisani. Kanisa la Walutheri lilipofungwa kwa kukosa waumini, Rudy Pacheco alikichukua kiti kimoja kirefu akakiweka mbele ya duka lake la misumari na rangi, kwenye kona ambapo barabara kuu ya Tillman Ford inapinda kuelekea darajani. Kila asubuhi, theluji iwepo isiwepo, Rudy anatoa birika lake la umeme, anavuta waya mpaka mlangoni, na sisi tunakaa. Rudy tunamwita Meya, kwa sababu aligombea umeya akashindwa kwa kura kumi na nne, nasi tukaona cheo kisipotee bure. Delmar Voss ni Jaji. Hajawahi kuwa jaji, ila aliwahi kuitwa kama raia wa kawaida, akakaa mahakamani siku kumi na moja pamoja na wenzake kuamua kesi ya wizi wa ng'ombe, na tangu hapo hakuna neno la sheria linalompita. Mimi ni Basi, maana niliendesha basi la shule miaka ishirini na miwili, na nusu ya watu wa mji huu niliwahi kuwaambia wakae chini. Wa nne ni Orrin Tveit, mzee wa miaka sabini na tisa, anayekaa pembeni kabisa mgongo umenyooka, ndiyo maana tunamwita Askofu.

Ilikuwa Machi. Orrin, ambaye kwa kawaida anaweza kumaliza vikombe viwili bila kutamka chochote, siku hiyo ya Jumanne alianza yeye mazungumzo. Alisema anataka kumpa Darcy bunduki yake ya kuwindia, ile aliyopewa na baba yake, na anataka kujua sheria ya jimbo letu inasemaje.

Darcy tunamjua wote. Ni binti wa Verlene, na Verlene ndiye aliyekuwa mwenzake Orrin kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka mapafu yalipomchukua mwezi Oktoba uliopita. Orrin aliingia nyumba ile Darcy akiwa na miaka tisa. Ndiye aliyemfundisha baiskeli, ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha, ndiye aliyekuwa anamsubiri kituoni na mwavuli nilipokuwa namshusha. Mtoto alimwita Orrin, kwa jina tu, na yeye hakuomba aitwe kingine.

Jaji akavuta simu, akavaa miwani. Akatueleza kwamba katika jimbo letu, mtu akimpa mtu bunduki, hata bure, lazima wapitie kwa muuza bunduki mwenye leseni, mpokeaji ajaze fomu na rekodi yake ichunguzwe. Isipokuwa ndugu. Ndugu wanaweza kupeana mkono kwa mkono. Kisha akasoma orodha ya hao ndugu: mume na mke, mzazi na mtoto, mtoto wa kambo, kaka na dada, babu na bibi na wajukuu, mjomba, shangazi, mpwa, binamu.

– Si ndiyo hapo, mtoto wa kambo, Meya alisema. Kesi imekwisha. Mimina kahawa.

– Haijaisha, Jaji alisema. Mtoto wa kambo ni mtoto wa mkeo. Askofu, wewe na Verlene mlifunga ndoa wapi?

Orrin akatazama kikombe chake. Hawakufunga. Verlene alikuwa ameshaolewa mara moja ujanani, na alisema mara ile moja ilimtosha kujua kwamba cheti hakizuii mtu kuondoka. Kwa hiyo walikaa tu, miaka thelathini na mmoja, na mji mzima ukasahau kwamba hawakuoana. Hata mchungaji kwenye mazishi alimtaja Orrin kama mume, na hakuna aliyemsahihisha.

– Basi kisheria Darcy ni nani kwangu? Orrin aliuliza.

Jaji akapitisha kidole kwenye simu juu na chini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba hayumo. Kisheria ni jirani.

Nilimwona Orrin alivyolipokea neno lile. Hakubisha. Alisema tu kwamba hataki mambo ya dukani. Baba yake alimpa bunduki ile jikoni, mkono kwa mkono, na yeye anataka kuitoa hivyo hivyo. Tena anataka iwe wiki hii.

Basi sisi tukaichukua ile kesi kama yetu. Ndivyo tulivyo pale kwenye benchi. Mtu akileta shida, inakuwa ya wote, na kila mmoja anaivuta upande wake mpaka mwenyewe haitambui tena.

Jumatano Meya alikuja na dawa. Orrin amwasili Darcy. Alikuwa ameulizia, na mtu mzima anaasiliwa vizuri tu, mradi akubali. Jaji akauliza kama Meya anajua Darcy ana miaka arubaini na kazi kwenye kituo cha kuzalisha samaki, na kama hakimu atakapouliza sababu watamjibu nini, kwamba mtoto amekosa malezi? Meya akasema hakimu ataona mapenzi. Jaji akasema mahakama haina fomu ya mapenzi, yeye amekaa humo siku kumi na moja anajua.

Alhamisi Jaji akaja na yake. Orrin asimpe Darcy bunduki, amwazime. Kuazima ni kitu kingine. Amwazime kwa miaka tisini. Meya akamuuliza nani atakayekwenda kuidai baada ya miaka tisini, maana Orrin atakuwa na miaka mia moja sitini na tisa. Jaji akasema hilo ni tatizo la vizazi vijavyo.

Mimi nami sikubaki nyuma. Nilipendekeza Orrin amwoe dada yake Verlene, Lavonne, aliye kwenye nyumba ya wazee kule mlimani. Akimwoa Lavonne, anakuwa mume wa mama mdogo, na Darcy anakuwa mpwa kwa njia ya ndoa. Hapo hata Orrin alitabasamu. Akasema Lavonne hajamsamehe tangu alipomwaga mchuzi kwenye kitambaa cha meza, mwaka ambao Darcy alimaliza shule.

– We Basi, umeshawahi kumwona Lavonne akiwa na hasira? aliniuliza. Ningehitaji kubaki na hiyo bunduki.

Tukacheka sana. Na ni katika kicheko hicho Meya alisema lile neno. Alikuwa anasoma simu ya Jaji begani kwake, akakuta mahali paliposema kwamba bunduki ya urithi haina mlolongo wote huo. Mtu akifa, inakwenda kwa aliyeandikiwa.

– Sasa tunajisumbua nini, alisema. Njia fupi ni Askofu afe kwanza.

Tukacheka tena. Orrin naye alicheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Mimi nililiona hilo nikaliacha lipite. Nilikuwa nimevaa koti lake la sufi. Alikuwa amenipa wiki iliyotangulia, akisema limemzidi mabega, na mimi nililipenda koti lile miaka mingi, kwa hiyo nilishukuru nikalivaa. Jaji alikuwa amepewa ngazi ya aluminiamu. Meya alikuwa amepewa fimbo zote za kuvulia samaki. Kila mmoja wetu alidhani amependelewa yeye.

Ijumaa asubuhi, kama saa tatu na nusu, Darcy alikuja. Aliegesha gari lake mbele ya duka, akashuka na buti zake za mpira za kazini, akatusalimia mmoja mmoja kwa majina yetu ya benchi. Akambusu Orrin kichwani, juu ya kofia. Meya akampa kikombe. Hakukaa.

Jaji hakumpa hata nafasi ya kunywa. Akaanza kumweleza ilipofikia kesi: kuasiliwa, kuazimwa, Lavonne. Darcy alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyokuwa akinisikiliza mimi kwenye basi.

– Jaji, mimi naishi wapi? aliuliza.

Jaji akanyoosha mkono kuelekea darajani. Mkono ukabaki hewani.

Ng'ambo ya daraja ni jimbo jingine. Darcy alihamia kule miaka sita iliyopita, kwa ajili ya kazi, na kwa vile kila Jumapili alikuwa huku, sisi tulikuwa hatujamhamisha vichwani mwetu. Alisema amepiga simu kwenye duka la bunduki la mjini kwake akauliza. Wamemwambia orodha ya jimbo letu haimhusu hata kidogo. Watu wa majimbo mawili, sheria ya taifa zima inasema wapitie kwa mwenye leseni. Ukiacha ile ya urithi, undugu hausaidii kitu.

– Hata kama ungekuwa wa kumzaa? Orrin aliuliza.

– Hata kama ungenizaa. Hata kama tungekuwa mapacha.

– Hata wa kumzaa, Orrin alirudia, polepole. Akarudia tena kwa kujisemea. Kitu fulani kikalegea usoni kwake. Kwa siku nne alikuwa amebeba lile neno la jirani, na sasa alikuwa amelitua.

Jaji alikuwa amekunja miwani yake na kuitia mfukoni. Meya alikuwa anasema kwamba basi mambo ni rahisi, waende tu siku yoyote, hakuna haraka. Darcy alikuwa bado amesimama, kikombe kimejaa mkononi. Alikuwa anamtazama Orrin, kisha akalitazama koti nililovaa, kisha akamtazama Orrin tena.

– Msimu wa kulungu ni Novemba, alisema. Kwa nini wiki hii?

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Siku nne tulikuwa tumeizungusha ile bunduki kila upande. Tulikuwa tumeuliza inaweza kwenda kwa nani, kwa njia ipi, kwa fomu gani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini inaondoka. Meya alinitazama mimi, na mimi nikatazama mikono ya koti.

Orrin aliweka kikombe chini, pembeni ya mguu wa benchi, kwa uangalifu.

– Nyumba imenyamaza sana, Darcy, alisema. Nakaa pale jikoni, nakunywa dawa yangu, na akili inakwenda kwenye kabati la bunduki bila mimi kuituma. Sijafanya kitu. Lakini sipendi inavyozoea njia.

Darcy hakulia. Alimpa Meya kikombe, akachuchumaa mbele ya Orrin mpaka macho yao yakawa sawa.

– Ungeniambia.

– Nilikuwa nataka kukwambia. Sikujua pa kuanzia. Sheria ilikuwa rahisi zaidi kuizungumzia.

– Leo akili imekwenda huko?

– Leo, ndiyo.

– Funguo za kabati ziko wapi?

Orrin akazitoa mfukoni akampa. Alikuwa anatembea nazo. Darcy akauliza risasi ziko wapi, naye akamwambia, rafu ya juu, nyuma ya mitungi ya pichi. Akauliza kama kuna nyingine, bastola au chochote. Akasema hakuna, ile moja tu. Alijibu kila swali kwa utulivu, kama mtu aliyengoja muda mrefu aulizwe.

Meya alikuwa amegeuka anautazama ukuta wa duka lake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza uwanja, na sijawahi kumwona vile.

– Mimi ndiye niliyesema lile neno, alisema. La kufa kwanza.

– Hukujua, Meya, Orrin alimwambia.

– Ningeuliza ningejua.

Kisha akafanya kitu ambacho hajakifanya tangu afungue duka lile. Saa nne kasoro asubuhi ya Ijumaa, wateja wakiwa wanatafuta mabomba ya maji, aliwatoa wote nje, akageuza kibao cha mlangoni, akafunga.

Tulikwenda kwa magari mawili. Orrin alibaki ndani ya pikapu ya Meya pamoja na Jaji, mbele ya nyumba yake, injini ikiunguruma kwa ajili ya joto. Darcy na mimi tuliingia ndani. Mlangoni bado palikuwa na ndara za Verlene. Jikoni palikuwa pasafi mno: bakuli moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja, vimeoshwa na kupangwa juu ya kitambaa. Mezani kulikuwa na karatasi. Ni mwandiko wa Orrin, ule ulionyooka. Ngazi, Delmar. Fimbo za samaki, Rudy. Koti, na jina langu halisi, ambalo hakuna anayelitumia. Kila mstari ulikuwa na alama ya vyema pembeni. Mstari wa mwisho ulikuwa bunduki, Darcy, na huo haukuwa na alama.

Darcy aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati. Nilianza kuvua koti, akanishika mkono.

– Livae tu, alisema. Amekupa. Ila umwambie Jaji arudishe ngazi. Orrin atahitaji kusafisha mifereji ya paa majira haya.

Alifungua kabati, akaitoa bunduki, akaikagua kama alivyofundishwa na mwenyewe: kinywa cha bunduki chini, kile chuma cha kufungia kimevutwa nyuma, kidole ndani ya chemba ya risasi kuhakikisha haina kitu. Akaitia kwenye mfuko wake wa turubai. Risasi nilizibeba mimi, zikapanda pikapu ya Meya, na bunduki ikapanda gari la Darcy. Kabla ya kuwasha gari alipiga simu kwa daktari wa Orrin. Nilimsikia akieleza bila kuzungukazunguka, kwa maneno yaleyale aliyoyasema Orrin. Walimpa nafasi siku ileile saa kumi. Walimpa pia nambari ya kupiga saa yoyote mawazo yakimzidi Orrin, akaiandika nyuma ya ile karatasi.

Duka la bunduki la ng'ambo ni dogo, lina pembe za kulungu ukutani na mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Tuliingia wote watano, maana hakuna aliyekubali kubaki nje. Jaji, kwa mazoea, alianza kumweleza yule mama uhusiano uliopo, kwamba mzee huyu na marehemu mama wa dada huyu. Mama akamwambia kwa upole kwamba hahitaji hayo, anahitaji kitambulisho cha anayechukua. Darcy akajaza fomu. Mama akapiga simu. Tukangoja, tumesimama katikati ya majaketi ya uwindaji, Meya akishika kitu na kukirudisha, akishika kingine na kukirudisha.

Baada ya muda mama akakata simu, akasema sawa. Akaichukua bunduki kutoka mezani, akamkabidhi Darcy. Haikuwa jikoni, haikuwa mkono kwa mkono. Kulikuwa na mama wa watu katikati. Orrin aliangalia mpaka mwisho. Nilidhani ataumia. Alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akavua kofia akajikuna kichwa.

– Bega la kulia, alimwambia Darcy. Inarudi nyuma kwa nguvu kuliko unavyokumbuka.

– Nakumbuka, Darcy alisema.

Kule nje jua lilikuwa limetoka na theluji ya pembezoni mwa barabara inayeyuka. Darcy alifungia bunduki ndani ya buti la gari. Meya, Jaji na mimi tukapanda pikapu. Orrin akaja akafungua mlango wa mbele, mahali alipokaa wakati wa kuja, akaweka mguu mmoja juu.

– Unakwenda wapi? Darcy alimuuliza.

– Nyumbani.

– Nyumbani kwa nani?

Orrin alisimama vile vile, mguu mmoja ndani, mmoja chini. Alitutazama sisi, kana kwamba jibu tulikuwa nalo. Kama ni sheria tungesema neno. Kwa muda mrefu hakuna swali lililokuwa limepita mbele yetu bila sisi kuwa na nadharia tatu.

Meya ndiye aliyesogea. Aliinama kutoka kwenye usukani, akaushika mguu wa Orrin kwenye kifundo, akaushusha chini taratibu kama mtu anayemshusha mtoto kwenye ngazi. Kisha akavuta mlango, akaufunga kwa ndani, akawasha gari. Tulipofika darajani niligeuka nyuma. Darcy alikuwa amefungua mlango wa gari lake upande wa abiria, na mzee alikuwa anainama kuingia.